Benzi Tatu za Bruno Sacco

Mwaka 1985 mnunuzi aliyeingia kwenye duka la Mercedes-Benz kule Ujerumani alikuta sedani za ukubwa wa aina tatu. Ndogo ilikuwa 190, ambayo mafundi wanaijua zaidi kwa namba yake ya kiwandani, W201. Ya kati ilikuwa W124, ngeni kabisa sokoni. Kubwa ilikuwa W126, gari la daraja la S, la mawaziri na wakurugenzi wa benki. Ukipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, ndogo inakupa milimita 2,665, ya kati 2,800, kubwa 2,935. Hatua ya kwanza ni milimita 135, na ya pili ni 135 vilevile. Mpita njia hawezi kuziona namba hizo, lakini jicho lake linazihisi. Magari haya matatu yakiegeshwa sambamba hakuna linaloonekana limevutwa ili lirefuke au limebanwa ili litoshe.

Kampuni nyingi za magari ya kifahari hupanga safu yao kwa kupunguza. Huanza na gari kubwa, kisha huondoa ngozi kwenye viti, huondoa mbao, huondoa mitungi miwili ya injini, huendelea kuondoa hadi bei iwafikie watu wa chini kidogo. Anayenunua dogo huondoka na mabaki yenye nembo. Benzi za miaka ya 1980 hazikupangwa hivyo, na ndiyo maana naiona safu ile kuwa kazi bora kuliko safu yoyote ya sedani niijuayo. Kuna vitu vilivyoanzia juu vikashuka. Kuna kimoja kikubwa kilichoanzia chini kabisa, kwenye gari la bei nafuu kuliko yote, kikachukua zaidi ya miaka minane kumfikia mwenye S.

Mtu aliyesimamia sura zao ni Bruno Sacco, Mwitaliano wa Udine aliyezaliwa mwaka 1933. Alijiunga na Daimler-Benz mwaka 1958, akawa mkuu wa usanifu wa maumbo mwaka 1975 na kukaa kwenye kiti hicho hadi 1999. Alifariki mwaka 2024. Hakuchora kila mstari kwa mkono wake, kwa maana alikuwa na timu ya wachoraji hodari chini yake. Kazi yake kubwa, kwa kadiri ninavyoielewa, ilikuwa kukataa: kurudisha michoro mizuri iliyokuwa mizuri kwa mwaka mmoja tu. Alikuwa na kanuni mbili alizozisimamia kwa ukali. Ya kwanza ni kwamba magari yote ya kampuni yanayouzwa wakati mmoja lazima yatambulikane kuwa ya ukoo mmoja. Ya pili ni kwamba gari jipya lisilifanye lile lililotangulia lionekane limepitwa na wakati. Kanuni hii ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu inapingana na tamaa ya muuzaji, ambaye angependa mteja wa mwaka juzi aone aibu na kurudi dukani upesi.

Najua gari hili lina historia yake kwetu. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru watu wa Afrika Mashariki waliwaita wakubwa wapya wabenzi, na hawakuwa wanawasifu. Historia hiyo ni ya haki na ina waandishi wake. Mimi leo nataka kukaa na chuma chenyewe.

Tuanzie nyuma ya gari, maana ndiko wengi wetu tulikoliona mara nyingi, tukiwa nyuma yake kwenye foleni. Taa za nyuma za Benzi zote tatu zina mbavu: plastiki haikulala laini, imepandishwa na kushushwa katika mistari ya ulalo kama matuta. Wengi wanadhani ni pambo. Wahandisi walikuwa wamechunguza jinsi uchafu unavyorushwa na magurudumu na kuvutwa na hewa hadi kuganda kwenye matako ya gari. Taa iliyo laini hufunikwa yote. Taa yenye mbavu hupokea uchafu kwenye migongo ya mbavu, huku mifereji ya kati ikibaki safi zaidi na kuendelea kupitisha mwanga. Ulikuwa ufumbuzi wa theluji iliyochanganyika na chumvi ya barabara za Ulaya, lakini anayejua tope la masika kwenye barabara isiyo na lami hahitaji kuelezwa faida yake. Taa hizo zilianza na magari ya mapema miaka ya 1970, kabla Sacco hajawa mkuu, naye hakuziondoa. Alizipa kila gari kwa vipimo vyake, zikawa alama ya ukoo bila kuacha kufanya kazi.

Vishikio vya milango navyo vina sababu. Ni vya kuvuta kwa kiganja kizima, vyenye upenyo wa kupitisha vidole vyote nyuma yake. Gari likigonga na mlango ukakwama, mwokoaji anaweza kushika na kuvuta kwa nguvu zake zote, hata kwa mikono miwili. Kishikio cha kubinua kwa ncha za vidole, ambacho magari mengi ya wakati ule yalikuwa nacho, hakimpi nafasi hiyo. Mmiliki wa 190 ya bei ya chini kabisa alipewa kishikio cha namna ileile aliyopewa waziri.

W126 ndiyo iliyotangulia kuzaliwa kati ya hizi tatu. Ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1979, ikakaa sokoni hadi 1991, na zaidi ya sedani 800,000 zilitengenezwa, idadi ambayo ni kubwa ajabu kwa gari la bei ile. Gari lililoitangulia, W116, lilikuwa zito na lenye kromu nyingi, bampa zake zikitokeza mbele na nyuma kama vitu vilivyofungwa baadaye. Kwenye W126 bampa zikawa za plastiki na zikaingia ndani ya umbo, na chini ya milango ukapita ubao mpana wa plastiki uliounganisha bampa ya mbele na ya nyuma kwa mstari mmoja. Wapo walionung'unika kwamba plastiki haifai kwenye gari la hadhi hiyo. Lakini kigezo cha ukinzani wa hewa kilishuka kutoka 0.41 hadi 0.36, gari likawa tulivu zaidi na likapunguza kunywa mafuta, na leo hakuna anayemwonea huruma yule aliyelilia kromu.

Ndani yake kuna kitu kidogo ninachokipenda kuliko injini zake zote. Ni swichi ya kurekebisha kiti. Iko kwenye mlango, mbele ya macho, na imetengenezwa kwa umbo la kiti chenyewe: kipande kimoja cha ulalo ndicho makalio, kimoja cha wima ndicho mgongo, na kidogo cha juu ndicho cha kichwa. Ukitaka mgongo ulale nyuma, unasukuma ule mgongo mdogo nyuma. Ukitaka kiti kipande, unakiinua kile kidogo. Hakuna maandishi, hakuna picha ya kufafanua, na mzee asiyejua kusoma anakitumia mara ya kwanza bila kufundishwa. Watengenezaji wengine wameiga wazo hilo kwa miaka mingi, wengi wakiishia kulificha pembeni ya kiti ambako mkono unapapasa gizani.

Usalama ulianzia juu, na hilo ni la kukubalika, maana vitu hivyo vilikuwa ghali. Breki za ABS ziliingia kwenye daraja la S mwaka 1978, siku za W116. Mfuko wa hewa wa dereva ukaja na W126 mwaka 1981. Na bodi ya W126 ilibuniwa kwa kufikiria ajali ambayo maabara za wakati ule zilikuwa hazijaizoea: magari mawili yanayokutana uso kwa uso, lakini kila moja likigongwa sehemu tu ya upande wa dereva, kwa kuwa mmoja alikuwa akijaribu kukwepa. Barabara kuu zetu zenye njia mbili zinaijua ajali hiyo. Kugonga ukuta kwa uso mzima ni rahisi kwa chuma, kwa sababu mzigo unagawanyika pande zote mbili. Kugongwa upande mmoja kunataka chuma cha upande huo kipeleke nguvu kwenda upande wa pili na chini ya sakafu kabla haijamfikia mtu.

Mbao za dashibodi ya W126, katika nyingi za mwanzo, ni zebrano, mti wenye mistari myeusi na ya kahawia unaoota Cameroon na Gabon. Zilikatwa nyembamba, zikapangwa ili mistari ifuatane kutoka kipande kimoja hadi kingine, kisha zikapakwa vanishi tabaka juu ya tabaka. Baada ya miaka thelathini ya jua vanishi hupasuka na mbao huanza kuonyesha mabaka meupe. Anayejua kuzirudisha hufanya kazi ya polepole mno, na bei yake ni halali.

Yapo mengi ya kusifu kwenye W126, lakini ukiingia chini yake, kwenye magurudumu ya nyuma, utakuta teknolojia ya zamani. Kila gurudumu limeshikwa na mkono mmoja mpana uliowekwa mshazari. Ni mfumo mzuri uliotulizwa vizuri, na kwa mtu aliyeketi nyuma akisoma gazeti hauna kasoro. Kwa dereva anayekata kona kwa kasi kisha akaachia ghafla mafuta, una tabia ya kubadilisha uelekeo wa magurudumu ya nyuma wakati mbaya kuliko wote. Hapa ndipo gari dogo linapoingia na kuwaacha wakubwa wake nyuma.

Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973, na baada ya Marekani kuanza kuyapima makampuni kwa wastani wa matumizi ya mafuta ya magari yao yote, Daimler-Benz ilihitaji gari dogo. Ndani ya kampuni wapo waliohofu kwamba Benzi ndogo ingeishusha nembo. Jibu la wahandisi lilikuwa kukataa kulifanya dogo kwa maana yoyote isipokuwa vipimo. Gari lililotoka Desemba 1982 lilikuwa na urefu wa mita 4.42 na uzito wa kuanzia kama kilo 1,100, na chini ya sehemu ya nyuma lilibeba kitu ambacho hakuna sedani nyingine ya kawaida duniani iliyokuwa nacho. Kila gurudumu la nyuma lilifungwa kwa mikono mitano tofauti.

Kwa nini mitano? Kitu kinachoelea hewani kina uhuru wa aina sita. Kinaweza kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na kinaweza kuzunguka kwa namna tatu. Kila mkono mwembamba, uliofungwa kwa kiungo kinachocheza kila ncha, unaondoa uhuru mmoja. Ukifunga mitano, unabaki uhuru mmoja peke yake. Mfikirie nahodha anayelifunga dau gatini kwa kamba, huku na huku, hadi lisiweze kwenda mbele wala pembeni wala kujigeuza, ila kupanda na kushuka na maji tu. Gurudumu la nyuma la 190 limefungwa hivyo: linapanda na kushuka na barabara, na jambo lingine lolote limekatazwa.

Hiyo ni hesabu ya darasani. Ufundi wenyewe uko kwenye urefu wa kila mkono, pembe zake, na ugumu wa bushi za mpira zilizo kwenye ncha zake, maana mpira hubonyea, na unapobonyea gurudumu husogea kidogo. Walichotaka ni kwamba likisogea, lisogee kuelekea upande wenye faida. Dereva akifunga breki katikati ya kona, gurudumu lijielekeze kwa kiasi cha kulituliza gari badala ya kulitupa. Walijaribu zaidi ya miundo sabini kabla ya kuukubali mmoja. Ukitazama mikono hiyo ukiwa umelala chini ya gari unaona kwamba hakuna miwili iliyo sambamba, na kwa mtazamo wa kwanza inaonekana kama kazi ya mtu aliyechanganyikiwa.

Kwa barabara zetu mfumo huu una gharama yake. Bushi nyingi maana yake ni vitu vingi vya kuchoka. Makorongo na matuta huzimaliza, na kwa kuwa zinakwisha moja moja dereva hazoei kugundua. Anachoona ni matairi ya nyuma yanayolika upande wa ndani na gari linaloyumba kidogo mkiani likipishana na lori. Fundi asiyeujua mfumo hubadilisha bushi moja iliyopasuka, akaacha nyingine nane zilizolegea. Anayeujua hubadilisha zote kwa pamoja, na hakazi kabisa boliti hata moja mpaka gari lishushwe likae kwa uzito wake. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira unakuwa umejikunja tangu siku ya kwanza, na utachanika upesi. Nimewaona mafundi wa pande zote mbili, na tofauti yao inasikika kwenye kiti ndani ya kilomita chache.

Kampuni ilitaka ulimwengu uamini kwamba gari hili dogo ni Benzi kamili, kwa hiyo ililipeleka kwenye mateso ya hadharani. Agosti 1983, kwenye njia ya mviringo ya Nardò kusini mwa Italia, 190 yenye injini ya vali 16 iliyobuniwa pamoja na Cosworth wa Uingereza ilikimbia kilomita 50,000 kwa wastani wa karibu kilomita 248 kwa saa, muda wa kujaza mafuta na kupokezana madereva ukiwa umehesabiwa humohumo. Mei 1984, kwenye uzinduzi wa njia mpya ya Nürburgring, mabingwa wa mbio waliketishwa kwenye 190 zinazofanana. Aliyeshinda ni kijana wa Brazili ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia Formula One, Ayrton Senna, mbele ya Niki Lauda. Hadithi hii husimuliwa sana kwa ajili ya Senna. Mimi huipenda kwa ajili ya ile ekseli ya nyuma yenye mikono mitano.

Injini ya dizeli ya 190 inastahili sifa yake pia. Waliizungushia vizuizi vya sauti juu, pembeni na chini, na kelele ikapungua kwa karibu nusu, Wajerumani wakaiita dizeli ya kunong'ona. Aibu ya 190 ni moja, nayo haifichiki: kiti cha nyuma. Mtu mrefu akikaa nyuma ya dereva mrefu, magoti yanahitaji uvumilivu. Kwa familia yenye watoto wakubwa ni gari la mjini, la safari fupi.

Kisha ikaja W124, mwishoni mwa 1984, na hapa sifichi upendeleo wangu.

W124 ilipokea kutoka juu na kutoka chini. Kutoka kwa S ilipata ujuzi wa bodi ya kujikunja kwa utaratibu, ABS, mfuko wa hewa kwa aliyetaka kulipia. Kutoka kwa 190 ilipata ile ekseli ya mikono mitano na chuma cha nguvu zaidi chenye uzito mdogo. Umbo lake likapita hewani kwa urahisi kuliko mengine yote mawili, kigezo kikifika 0.29 kwa baadhi ya injini. Lakini halikuonekana kama jiwe la mtoni lililosuguliwa, kosa ambalo wabunifu wengi wa miaka iliyofuata walilifanya. Lina kona. Mifereji ya maji kwenye nguzo za kioo cha mbele imefichwa ndani ya umbo. Sehemu ya nyuma inapungua kidogo kuelekea kwenye taa, na mfuniko wa buti unashuka katikati ya taa hadi kwenye bampa ili mtu asilazimike kuinua mzigo juu ya ukuta wa chuma. Anayepakia gunia la kilo hamsini analijua hilo mgongoni.

Kitu cha ajabu kuliko vyote kwenye W124 kipo mbele ya macho ya dereva na ni wipa. Ni moja tu. Wipa moja ya kawaida, ikizunguka kwenye mhimili mmoja, huchora nusu duara na kuacha pembe mbili za juu za kioo zikiwa na maji. Wahandisi wangeweza kuweka mbili kama watu wote. Badala yake walitengeneza giaboksi ndogo inayousukuma mkono wa wipa nje na kuurudisha ndani wakati huohuo unapozunguka. Ikianza safari inajinyoosha kuelekea pembe ya kwanza, ikifika katikati inajivuta, kisha inajinyoosha tena kuelekea pembe ya pili. Ncha yake inachora kitu kinachokaribia herufi M, na asilimia 86 ya kioo inafutwa. Ukiitazama ikifanya kazi kwenye mvua kubwa, inaonekana kama kiumbe anayefikia kitu kilicho mbali. Inahitaji grisi, jambo ambalo wengi hulisahau mpaka ianze kulia. Nakubali kwamba wipa mbili zingekuwa rahisi kutengeneza na rahisi kununua. Hata hivyo, kampuni iliyoweza kutumia muda wote ule juu ya asilimia chache za kioo ilikuwa kampuni ya aina fulani, na aina hiyo imeadimika.

Boneti lake linafunguka kama mengine, lakini kuna kitufe cha kuliachia liendelee hadi lisimame wima kabisa, digrii 90, likiielekea mbingu. Fundi anasimama mbele ya injini bila kuinamisha kichwa, mwanga unaingia kote, na kama ni injini ya mitungi minne anaweza karibu kuingiza mguu pembeni yake. Nafasi hiyo iliachwa kwa ajili ya injini kubwa, lakini aliyenunua ndogo alifaidi. Naona heshima kwa fundi katika boneti lile. Mbunifu aliyelipitisha alikuwa anajua kwamba gari litaishi miaka mingi zaidi kwenye gereji za watu asiowajua kuliko kwenye duka lake.

Ukifunga mlango kwa ufunguo, husikii mlio mkali wa umeme. Kufuli za Benzi hizi huendeshwa na hewa: pampu ndogo inavuta au inasukuma hewa ndani ya vimirija vya plastiki vilivyotandazwa mwili mzima, na milango, buti na kifuniko cha tangi hujifunga kwa pamoja kwa sauti ya kuvuta pumzi. Kimirija kikipasuka, pampu huendelea kunguruma kwa muda ikitafuta shinikizo lisilopatikana, na fundi mzuri huweka sikio mlango kwa mlango hadi apate uvujaji.

Kwenye dashibodi, upande wa kushoto wa spidomita, kuna geji ya shinikizo la oili. Watengenezaji wengi walikuwa wameshaiondoa na kuweka taa nyekundu. Taa ni mahubiri ya mazishi. Inawaka injini ikiwa imeshaumia. Geji ya Benzi, injini ikiwa na afya, hupanda hadi 3 mara tu ukishika mwendo na kukaa hapohapo, na hushuka kidogo injini ikiwa moto na gari limesimama kwenye taa za barabarani. Siku ambayo inachelewa kupanda, umepewa taarifa mapema.

Haikuwa gari lisilo na kasoro. Katika miaka yake ya mwisho, takriban 1992 hadi 1995, nyaya za injini kwenye matoleo mengi zilivikwa ngozi ya kuhami iliyovunjikavunjika kwa joto. Gari linaanza kutetemeka na kuzima bila sababu inayoonekana, na mafundi hubadilisha plagi, pampu, kompyuta, mpaka mmoja anapokunja waya na kuona ganda likimwagika kama makombo ya mkate. Anayenunua W124 ya miaka hiyo aulize kwanza kuhusu nyaya, kabla hata ya kutazama rangi. Bodi za mwanzo nazo hushikwa na kutu pale jeki inapoingia, hasa zilizoishi kwenye nchi za chumvi barabarani au karibu na bahari.

Zaidi ya W124 milioni mbili na nusu zilitengenezwa, za aina zote. Ujerumani nyingi zilikuwa teksi za dizeli zenye rangi ya pembe ya ndovu. Iliyofuata mwaka 1995, W210, ilikuja na macho manne ya mviringo na ikapata sifa mbaya ya kutu. Upande wa S, W140 ya mwaka 1991 hatimaye ilipata ekseli ya nyuma ya mikono mitano, lakini ilikuwa imekuwa kubwa mno, na Sacco mwenyewe baadaye alikiri kwamba ilikuwa ndefu kwenda juu kupita kiasi. Gari alilojichagulia yeye lilikuwa 560 SEC, kupe ya milango miwili iliyotokana na W126.

Safu ya kweli ya kampuni ile, hata hivyo, ilikuwa imefichwa ndani ya W124 peke yake. Chini kabisa kulikuwa na 200 D, dizeli yenye nguvu za farasi 72, gari linalochukua muda wake kupanda mlima na ambalo dereva wake hupangua gia mapema anapotaka kulipita lori. Juu kabisa, kuanzia mwaka 1990, kulikuwa na 500 E, yenye injini ya mitungi minane ya gari la michezo la 500 SL na nguvu za farasi 326. Ili kuyapa nafasi magurudumu mapana, mabawa ya mbele na ya nyuma yalipanuliwa kidogo sana, kiasi kwamba asiyejua hupita bila kugeuka. Upana huo mdogo ulitosha kuzuia gari lisipite kwenye mstari wa kawaida wa kiwanda cha Sindelfingen. Kwa hiyo Benzi iliingia makubaliano na Porsche, ambao karakana zao ziko Zuffenhausen, si mbali. Bodi zilisafiri kwenda kwa Porsche, zikarudi Sindelfingen kupakwa rangi, zikaenda tena kwa Porsche kuwekwa injini, kisha zikarudi nyumbani kukaguliwa. Kila gari lilichukua siku 18. Yalitengenezwa zaidi ya 10,000 kwa utaratibu huo, na waliojua walilipa.

Ukiyaweka pamoja, 200 D ya teksi na 500 E ya tajiri, mlango wa dereva wa moja unaingia kwenye fremu ya nyingine. Geji ya oili iko palepale upande wa kushoto, na inasomeka vilevile. Boneti zote mbili zinasimama wima. Mvua ikinyesha, kila moja ina wipa moja, inayojinyoosha kwenda pembeni, inajivuta katikati, inajinyoosha tena.